Ngozi ya Maji

Cleophas Nyakundi alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mkewe aliujua kuliko daktari yeyote: hakuweza kuachilia kazi itoke kibandani kabla haijang'aa. Miaka thelathini na mbili alikuwa akichonga mawe ya sabuni pale Tabaka, viboko, sahani, watu waliokumbatiana, na kila kimoja kilipita njia ileile: maji, msasa mkali, msasa laini, nta, kitambaa. Jiwe lisilopakwa nta lina sura ya kitu kilichomwagiwa majivu. Lipake, lisugue, na rangi zake zote zitatoka kukusalimu. Kumkabidhi mteja jiwe kavu, kwa maoni ya Cleophas, ni sawa na kwenda kuposa bila viatu.

Ndiyo sababu agizo la Esnah Kemuma lilimkera tangu mwanzo.

Esnah alikuwa binti wa wakulima wa majani chai wa Gesima, kule Nyamira, akisomea shahada ya uzamifu ya fizikia katika chuo kimoja mjini Kisii. Alifika Tabaka mwaka uliotangulia, viatu vimejaa vumbi, akaomba achongewe bamba la jiwe lenye urefu wa mita moja na nusu, upana wa mita moja, unene wa shubiri.

"Nani amekufa?" Cleophas aliuliza.

"Hakuna aliyekufa, tata," Esnah alijibu, akimwita baba kwa Kikisii. "Ni meza."

"Meza ya kulia chakula?"

"Meza ya kupimia maji."

Cleophas alimtazama kwa makini kuona kama ana akili timamu. Alikuwa nazo. Bei waliipatana haraka, na siku vijana wanane walipolishusha lile bamba kutoka kwenye pikapu na kuliingiza maabara wakitweta, Esnah alimwomba fundi abaki kidogo aone kazi itakayofanywa juu ya jiwe lake. Alifunga mapazia, akamimina maji kwenye chombo kipana, akawasha leza. Mwale mwembamba wa kijani ulishuka ukagonga maji, ukaruka, ukatua ukutani. Pale ukutani palikuwa na nukta kali, na kuizunguka nukta ile kulikuwa na ukungu hafifu wa kijani ambao Cleophas asingeuona kama asingeonyeshwa.

"Haya maji yametulia?" Esnah aliuliza.

"Yametulia."

"Hayajatulia, tata. Hayajawahi kutulia hata siku moja. Joto lenyewe linayatikisa. Juu yake kuna mawimbi madogo hivi kwamba ukiyapanga laki moja, moja juu ya jingine, bado hujafikia unene wa unywele. Hayo ndiyo yanautawanya mwanga. Ule ukungu unaouona ndio masomo yangu yote."

Cleophas aliinamia maji. Hakuona kitu ila uso wake mwenyewe.

"Uzi wa obokano ukiukaza, unalia vipi?" Esnah aliendelea, kwa maana alijua hakuna mzee wa Kisii asiyeijua ile ala ya nyuzi nane.

"Juu."

"Ukiulegeza?"

"Chini."

"Basi. Maji yana ngozi. Ngozi ikikaza, mawimbi yanakwenda mbio. Ikilegea, yanazubaa. Mimi siwezi kuigusa, nikiigusa nimeiharibu. Kwa hiyo natuma mwanga ukaiguse kwa niaba yangu, na ukirudi nauuliza umeona nini."

Alimweleza pia sababu. Mama yake alikuwa na migomba, na kila aliponyunyizia dawa, matone yalibingirika juu ya jani na kuishia chini, dawa ikamezwa na udongo. Esnah alitaka kujua ngozi ya tone inabadilikaje mtu akichanganya hiki na kile, mpaka likubali kukaa juu ya jani. Swali la shambani kabisa. Cleophas alirudi Tabaka siku hiyo kichwa kikizunguka, na usiku wakati wa chakula alimwambia mkewe Gladys kwamba amekutana na mtu anayesikiliza maji kwa macho.

Tangu hapo alimstahi, na sababu alizokuwa nazo zilikuwa nyingi. Kwa miezi minne yule binti hakupata kitu. Pikipiki ikipita barabarani, mstari wake kwenye kompyuta unaruka. Mlango ukifungwa chumba cha tatu, unaruka. Mtu mwingine angelaumu kifaa, angelaumu chuo, angelaumu serikali. Yeye alinunua tyubu sita za pikipiki, akazijaza upepo kiasi, akaomba bamba liinuliwe lilale juu yake. Cleophas ndiye aliyekaa chini siku nzima akipunguza upepo hapa na kuongeza pale mpaka jiwe likalala sawasawa. Lori la kokoto likapita nje, madirisha yakatikisika, na mstari kwenye kompyuta haukushtuka hata kidogo. Esnah alikaa sakafuni akalia. Cleophas, kwa kuwa hakujua mtu hufanya nini mbele ya kilio cha namna hiyo, alitoka kwenda kutafuta soda.

Baadaye akamchongea bakuli. Liwe jeusi, Esnah alisema, maana la glasi linarudisha mwanga kutoka chini na kumchanganya. Liwe pana kama sinia, kina cha kidole kimoja.

"Na usipake kitu, tata. Maji na msasa tu. Nta hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo kabisa."

Fundi alimeza mate, akatii. Bakuli lilifanya kazi miezi sita likiwa na sura ya majivu, na kila Cleophas alipoliona lilimuuma jicho.

Sasa ikawadia wiki ya mtihani. Profesa Abner alikuwa anakuja kutoka Nairobi kumhoji Esnah na kuona kifaa kikifanya kazi kwa macho yake. Jina lake lilijulikana. Alishawahi kuwarudisha watu maabara miaka miwili zaidi kwa sababu ya namba moja, na Esnah hakuwa na miaka miwili. Ufadhili wake ulikuwa unaisha mwezi huohuo. Akipita amepita, asipopita anarudi Gesima na masanduku yake. Siku mbili kabla, ukingo wa bakuli ulimeguka kidogo, akampelekea Cleophas alinyooshe.

Kufikia saa tisa alasiri ya siku ya pili kazi ilikuwa imekwisha. Cleophas akaliweka bakuli juani, akalitazama. Kijivu. Kikavu. Akawaza: huyu profesa ameona vyombo vya Ulaya, kesho ataona hiki aseme hivi ndivyo watu wa Tabaka wanavyochonga?

Mkono ulifungua mkebe wa nta kabla yeye hajakata shauri.

"Baba Bravin," Gladys alisema bila kuinua kichwa kwenye msasa wake, "si yule msichana alisema hiyo isipakwe?"

"Ni nje tu. Kidogo."

"Nje peke yake?"

"Nje peke yake, mama. Wewe nawe."

Akapaka nje. Lakini nje kuking'aa na ndani kukiwa kijivu ilikuwa mbaya kuliko mwanzo, kama mtu aliyenyolewa shavu moja. Akaingia ndani kidogo, ukingoni tu. Kisha katikati. Kisha alisugua mpaka weusi ule ukawa na kina, akauona uso wake mwenyewe humo, akafurahi. Mwishowe akaliosha kwa maji, akalipangusa mara tatu, akajiambia nta yote imetoka. Gladys alitikisa kichwa, akarudi kwenye msasa wake. Mwanamke aliyekaa na mchongaji miaka yote hiyo anajua mahali maneno yanapoishia.

Asubuhi Cleophas alikuwa maabara mapema, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kulisawazisha bamba juu ya tyubu. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Mapazia yalikuwa yameshafungwa. Esnah, glavu mikononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alilipokea bakuli, akalisuuza mara tatu kwa maji yaliyochujwa kama kawaida yake, akalijaza. Jiwe lililolowa hung'aa hata bila nta, kwa hiyo hakugundua chochote.

Profesa Abner aliingia na daftari lake. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, asiye na haraka. Nyuma yake alikuja Daktari Obadiah, msimamizi wa Esnah, ambaye siku hiyo alionekana kuogopa kuliko mwanafunzi wake. Walizungumza Kiingereza cha kitaalamu, na Cleophas alishika neno moja moja, lakini namba alizielewa. Alishakaa na Esnah vya kutosha kujua kwamba mkazo wa ngozi ya maji safi husoma sabini na mbili na kitu. Ikisoma hivyo, mambo ni shwari.

Leza ikawashwa. Dakika zikapita. Mstari ukajichora kwenye kompyuta.

Hamsini na nane.

Daktari Obadiah alikohoa. Esnah akapima tena. Hamsini na saba. Profesa akavua miwani, akasema kitu kifupi ambacho Cleophas alikielewa hata kabla hajakitafsiri: kifaa chako kimekosea.

Esnah alisogea karibu na kompyuta, akaufuata ule mstari kwa kidole, hewani, bila kuugusa. Cleophas angeapa kwamba kwa muda ule msichana yule alisahau kuna mtihani.

"Hakijakosea," alisema. "Tazama, Profesa, si kwamba mawimbi yanakwenda polepole tu. Yanakufa upesi mno. Maji haya yamefunikwa. Kuna utando wa mafuta juu yake, mwembamba kiasi kwamba hauonekani."

"Umetoka wapi?"

"Sijui."

"Hujui," profesa alirudia, akaandika kitu kwenye daftari.

Cleophas alijua umetoka wapi. Alikuwa anaunusa kwenye kucha zake mwenyewe. Na hakuna aliyemtazama. Angeweza kusimama palepale ukutani ndani ya koti lake zuri mpaka mambo yaishe, na hakuna ambaye angejua. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Akanyoosha mkono juu, kama mtoto wa darasa la tatu.

"Ni mimi," alisema kwa Kiswahili. "Mimi nilipaka hiyo bakuli nta. Jana. Aliniambia nisipake, na mimi nikapaka."

Esnah alifumba macho. Cleophas alingoja kelele. Badala yake alimsikia akivuta pumzi, kisha akamwona akienda kabatini, akitoa bakuli la glasi lililooshwa tangu juzi, akiweka karatasi nyeusi chini yake. Akamimina maji. Akapima. Sabini na mbili na nukta sita.

Cleophas nusura apige makofi. Profesa hakuonyesha dalili ya kufurahi.

"Namba hii imo katika kila kitabu," alisema. Sasa alikuwa amehamia Kiswahili, pengine ili fundi naye apate fungu lake. "Anayejua jibu anaweza kukaza skrubu mpaka alipate. Na mzee huyu amekuokoa kwa wakati mzuri sana."

Ilichukua muda kidogo kwa Cleophas kutambua kwamba ameitwa mwongo. Masikio yalimwaka moto. Tena aliitwa mwongo siku ambayo kusema kweli kulimgharimu kuliko siku nyingine yoyote.

"Tufanye hivi," profesa aliendelea. "Mabakuli matatu ya glasi, maji yaleyale. Mzee, hiyo nta unayo?"

Cleophas alitoa mkebe mfukoni. Mchongaji hatembei bila nta.

"Ingia chumba kile, ufunge mlango. Chovya kidole kwenye nta, uguse maji ya bakuli moja. Moja tu. Usimwambie mtu, na ukitoka usifungue mdomo mpaka nikuulize. Yeye atatuambia ni lipi. Akilipata, tutazungumza. Asipolipata, naandika ninachojua."

Chumba kile kilikuwa stoo yenye sinki na dirisha dogo. Cleophas alifunga mlango, akasimama mbele ya mabakuli matatu yaliyopangwa juu ya meza. Akachovya kidole cha shahada kwenye nta. Akakipeleka juu ya la kwanza. Akakirudisha. Akakipeleka juu ya la pili, akamkumbuka Esnah sakafuni siku ya lori. Je, akigusa kidogo mno na mwanga usione? Akigusa mno, ikawa kosa jingine? Mkono huu jana ulimharibia, leo uwekwe tena majini kwa makusudi? Akajaribu la tatu. Mkono ulikataa kata kata. Mkono ambao haukuwahi kumkatalia, uliokuwa umekata mawe tani kwa tani, ulisimama hewani, ukagoma. Akapangusa kidole kwenye suruali mara nyingi, akaita, "Tayari."

Mabakuli yalikuwa yameshabebwa nje, na Esnah ameanza na la kwanza, ndipo Cleophas alipoona alichokifanya. Profesa alikuwa anangoja bakuli moja. Esnah alikuwa anatafuta bakuli moja. Halikuwepo. Na yeye alikuwa amefungwa mdomo kwa amri, na aliyeitwa mwongo mara moja akifungua mdomo kabla ya wakati, nani atamsikiliza?

La kwanza: sabini na mbili na nukta sita.

La pili: sabini na mbili na nukta nne.

La tatu: sabini na mbili na nukta sita.

Esnah alikunja uso. Akarudia la kwanza. Akarudia yote. Jasho lilimshuka kando ya sikio na hakulipangusa. Feni ya kompyuta ilivuma. Cleophas alimwomba Mungu wa Wakatoliki, kisha, kwa kuwa Esnah ni Msabato, akaomba na kwa niaba yake.

"Hilo la pili limeshuka kidogo, sivyo?" Daktari Obadiah alinong'ona. Maskini, alikuwa anamtupia kamba. "Nukta nne."

Cleophas alimwona Esnah akilitazama la pili. Alimwona akitamani. Nani asingetamani? Neno moja tu, la pili, na labda jioni hiyo angekuwa anapigiwa simu za pongezi kutoka Gesima.

"Tofauti ya nukta mbili ni joto la chumba," Esnah alisema. "Si nta."

"Kwa hiyo ni lipi?" profesa aliuliza.

"Hakuna."

"Niliagiza aguse moja."

"Nimesikia ulichoagiza, Profesa. Mimi nakuambia mwanga unachosema. Hakuna bakuli lililoguswa."

Profesa Abner alifunga daftari polepole. Halafu akamgeukia Cleophas.

"Haya, mzee. Uligusa lipi?"

"Sijagusa," Cleophas alisema, na machozi yalikuwa yameshafika. "Hata moja, Profesa. Niliogopa. Niliona nitamharibia tena. Nta yote nimepangusa hapa." Akaonyesha suruali yake ya Jumapili, pajani, palipokuwa na alama ndefu ya mafuta.

Profesa alimwendea, akainama kwa shida, magoti yakilia, akaigusa ile alama, akainusa. Kisha bila kuomba ruhusa ya mtu, akakwangua nta kidogo kwenye mkebe na kuchovya kidole chake katika bakuli la tatu lililokuwa bado chini ya mwale.

"Pima."

Esnah akapima. Hamsini na tisa.

Profesa alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyesahau umri wake. Akafungua daftari, akachana ukurasa aliokuwa ameuandika asubuhi, akaukunja na kuutia mfukoni.

"Niliweka mtego nikidhani najua jibu," alimwambia Daktari Obadiah. Kisha akampa Esnah mkono. "Nimeridhika. Namba zako nitazitia sahihi zote. Hongera, Daktari."

Walipotoka kwenda kunywa chai, Esnah alibaki nyuma akimimina maji kwenye sinki. Cleophas alisimama kando, kofia mkononi.

"Tata, leo umetaka kuniua mara mbili," Esnah alisema.

"Najua, omwana one, mwanangu mimi. Nisamehe. Lakini wewe nawe. Si ungetaja tu moja, mambo yaishe?"

Esnah alimtazama kana kwamba swali lile halikuwahi kumpitia akilini.

"Ningetaja moja, ningekuwa nimesema umeligusa," alisema. "Na wewe hukuwa umeligusa."

Cleophas akainama chini ya meza kukagua tyubu ambazo hazikuwa na tatizo lolote, akakaa hukohuko mpaka macho yalipokauka.